Sadini za Ndimu

Nilirudi kutoka kazini Kasapa miguu ikiniwaka moto. Umeme ulikuwa umekatika, na mama mukwe alikuwa ananingoja sebuleni. Kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, na kupuliza makala, hapana, sikuwa na nguvu hizo. Nikafungua makopo mawili ya sadini, nikakatia vitunguu na pilipili, nikakamulia ndimu, nikamwandalia. Alikula yote polepole, akapangusa sahani kwa kidole, akasema iko muzuri. Hatimaye nikavua viatu.

Yeye akanawa mikono upya, akakaa wima kunitazama. Kwetu, asiyekula bukari, ugali wetu, bado hajala.

"Hii ndimu imeniamushia njaa, mutoto yangu," akasema kwa upole. "Bukari itaiva saa ngapi?"

Nikavaa viatu tena, nikatoka kutafuta makala.