Mama Manase Anatembea Bila Sababu

Huko kijijini Mungaa, Mama Manase hakuwahi kujua kuwa anafanya mazoezi. Maji yalikuwa bondeni, kuni kilimani, shamba la alizeti nyuma ya kilima chenyewe, na kanisa mbali kuliko vyote. Alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Kisha mumewe akafariki, na Manase, mwanawe wa kwanza, akamhamishia kwake Singida mjini.

Jamani, mjini! Bomba liko uani. Duka la Kauthar limegusana na ukuta wao. Unanyoosha mkono tu unapewa sukari. Na getini anashinda Miraji na bodaboda yake. Mwaka haujaisha, magauni ya Mama Manase yakagoma kufungwa, na magoti yakaanza kunung'unika.

"Mama," Manase akamwambia, "mvua ziko karibu. Kama huwezi kutembea kutoka barabarani mpaka shambani Mungaa, basi tumwachie baba mdogo Abraham alime yeye."

Abraham! Aliyelimezea mate shamba lile tangu ujana wake! Mama Manase akaweka kikombe chini. Asubuhi yake akaanza kutembea kuelekea ziwa Singidani.

Shida ni kwamba alilelewa Kinyaturu: kupita mlango wa mtu bila kusalimia ni matusi, na kusalimia umesimama ni nusu salamu. Nyumba ya kwanza akapewa kigoda na togwa. Ya pili, ugali wa mtama na mlenda. Ya tatu wakamkamatia kuku, mama akaponea chupuchupu kwa kuaga haraka.

"Unaenda wapi, mama?"

"Natembea tu."

"Tu?" Wakamtazama kama amesema anakula mawe.

Wakati wa kurudi, Miraji akamfuata nyuma na pikipiki. "Shikamoo bibi. Panda."

"Marahaba. Nataka kutembea, mjukuu wangu."

"Utembee na jua hili, na mimi watu wananiona? Panda, bure!"

Heshima hiyo utaikataaje? Akapanda. Alifika nyumbani mzito kuliko alivyotoka. Jumapili kanisani minong'ono ikawa imeshaenea: Lucy, mke wa Manase, anamfukuza mama mkwe, maskini anazurura.

Ndipo akili ya Mama Manase ikachemka. Ni mtu gani hapa kwetu anayepita mbiombio bila kuitwa akae, bila kutiliwa togwa? Anayewahi msibani! Akajifunga khanga kiunoni, nyingine kichwani, akakunja uso, akatoka.

"Kulikoni, Mama Manase?"

"Acha tu."

Uongo hakusema hata neno moja. Watu wakampisha njia. Miraji akazima pikipiki, akavua kofia. Siku baada ya siku mama akatembea kwa raha zake, uso umekunjwa, moyoni anacheka.

Ila alisahau kwamba hapa mtu haachwi kwenda msibani peke yake. Asubuhi moja akasikia ndala nyuma yake. Kugeuka, Catherine wa jumuiya ya kanisani amejifunga khanga. Nyuma yake Kauthar, duka amefunga, na majirani kundi zima.

"Pole dada. Tuko pamoja."

Akaongeza mwendo, nao wakaongeza. Wakapita kando ya ziwa, wakapanda miamba, wakashuka. Kilio hakisikiki popote.

"Msiba wenyewe uko wapi?" Catherine akauliza akihema.

Ikabidi aseme. Akasema yote, mpaka la Abraham.

"Unakiita kifo kwa sababu ya kiuno?" Catherine akang'aka. "Tubu haraka!"

Lakini Kauthar, mnene kuliko wote, alikuwa amekaa juu ya jiwe akicheka mpaka machozi. "Kesho tunatoka saa ngapi? Tukiwa wengi hivi, nani atathubutu kutukaribisha? Togwa ya kututosha ataitoa wapi?"

Na kweli, hakuna aliyethubutu. Kundi likawa linapita kila asubuhi, linasalimia kwa kelele na kuendelea. Hata Catherine alikuja, akidai anawasindikiza asiwaache watende dhambi nyingine.

Mawingu ya kwanza yalipotanda, Manase na mama yake wakashuka barabarani Mungaa, wakaanza kupanda kilima. Nusu ya njia, Manase akashika kiuno, jasho linamtiririka.

"Mama... tupumzike kidogo."

"Pumzika wewe, mwanangu," akajibu bila kusimama, jembe begani. "Mimi natangulia. Abraham anawahi shambani na mbegu zake, namwona pale kileleni, nikamwambie atafute shamba lingine."