Baba Yetu Mbili kwa Mswaki Mmoja

Jumamosi nilipeleka maharage kwenye kituo cha watoto yatima karibu na Nyabiondo. Niliwakuta watoto wamejipanga uani, miswaki mdomoni. Mama mlezi hana saa, kwa hiyo amewafundisha kusugua meno kwa muda wa Baba Yetu mbili. Msichana mmoja husali kwa sauti, wenzake husugua mpaka amina.

Siku hiyo alisali kama pikipiki inayoshuka mlima. "Amina!" Wote wakatema.

"Iko mbio sana hiyo!" mlezi akalalamika. "Meno ya nyuma haijaguswa. Juma lililopita mtoto mmoja alitolewa jino, tukalia kituo kizima." Akanigeukia. "Mama, utusalie wewe. Unasemaka polepole."

Wakaanza upya, na yule msichana safari hii akishika mswaki. Nikafumba macho, nikasali kama ninavyosali nyumbani. Baada ya Baba Yetu ya pili nikamwombea marehemu mume wangu, kisha dada zake, kisha mvua, kisha nikamrudia mume wangu. Nilipofumbua macho, povu lilikuwa limefika viwikoni.

Msichana akatema kidogo, akaniunganishia viganja kama anayesali. "Mama, tuhurumie, sema amina! Mume yako ameshafika mbinguni zamani."

Nikasema amina.

Mlezi alichungulia meno ya nyuma, mtoto mmoja mmoja, akatabasamu. Ameniomba nirudi kila Jumamosi. Nitakwenda. Tangu nifiwe, sijaona watu wakiingoja amina yangu kwa hamu namna ile.