Sauti Yangu Iliyowatoa Watu Bondeni

Sogea karibu, ndugu yangu, maana habari hii siisemi kwa sauti kubwa (sauti kubwa ndiyo iliyoniponza), na ukitaka kucheka cheka tu, wenzako wa Kibiti walishacheka mpaka wakachoka. Mimi ndiye yule Mwalimu aliyewatoa watu bondeni mchana wa kiangazi, jua linawaka, kwa kuwaambia mafuriko yanakuja. Na wala sikuwa nimefungua mdomo.

Ngoja nikueleze polepole. Ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa na kila kitu kina kampuni yake. Zamani shirika moja la serikali lingeleta vyote, vikiharibika unajua pa kwenda kulalamika, lakini mradi wetu wa kuwatahadharisha watu na mafuriko ulikuwa na kampuni tatu kutoka Dar es Salaam. Ya kwanza ilileta kompyuta, ikakaa ofisini Kibiti kupokea vipimo vya maji kutoka juu ya mto. Ya pili ilileta redio, ya kuchukua amri ya kompyuta na kuipeleka kwenye vipaza sauti vijijini. Ya tatu ilileta umeme wa jua. Kazi yangu, mimi niliyeacha chaki nikaitwa mratibu, ilikuwa kuzifanya kampuni tatu zionekane moja: mwananchi asihangaike kujua waya huu wa nani, ajue mtu mmoja tu wa kumwuliza, yaani mimi.

Hata sauti waliyoirekodi ilikuwa yangu. "Ndugu wananchi, maji yanakuja. Acheni kila kitu, tokeni bondeni." Na kwa kuwa napenda kueleza, kwenye mkutano wa kijiji nikaongeza ya kwangu: msitazame mbingu, msitazame mto, mashine inaona kule juu ambako macho yenu hayafiki, mkisikia sauti msiulize.

Bi Somoe akanyoosha mkono. Huyu ni mama mtu mzima, mwaka fulani mto ulimchukulia shamba lote na mbuzi wake, akabaki na kanga mbili za mwilini. "Hata kama jua linawaka, mwanangu?"

"Hata kama jua linawaka, mama."

(Jibu hilo liweke kichwani, tutalirudia.)

Sasa uamuzi wenyewe. Siku ya kwanza ya kazi, Deo wa kompyuta na Shabani wa redio waligombana mbele yangu, huyu anasema waya wako usiingie kwenye boksi langu, yule anasema boksi lako ndilo lililofuata waya wangu, mpaka nikaona aibu. Nikawaambia, basi, kuanzia leo hamna haja ya kuonana wala kupigiana simu, kila mmoja aseme na mimi. Deo nikampa Jumanne, Shabani Jumatano. Nikajiona mtu mwenye hekima kweli, kumbe nimewanyima mafundi wawili wa kazi moja njia ya kuulizana.

Wiki hiyo Deo akanipigia: ana mgonjwa Jumanne, aje Jumatano? Nikasema, "Hamna tabu." Maneno mawili tu. Shabani sikumwambia, maana wao si hawasemezani?

Basi Jumatano asubuhi niko kijijini na Shabani. Akafunga boksi lake chini ya mlingoti wa vipaza sauti, akaliwasha, akabandika stika ya dhamana ("ukifungua, Mwalimu, kampuni yangu haipo"), akapanda pikipiki kwenda Nyamwage kufunga jingine. Mimi nikakaa kwenye baraza ya ofisi ya kijiji na kikombe cha uji, roho imetulia. Wakati huohuo kule Kibiti, Deo, akidhani redio bado haijaunganishwa, alikuwa anaijaribu programu yake kwa kuiandikia kwamba maji yamepita mstari mwekundu.

Nikajisikia nikisema: "Ndugu wananchi, maji yanakuja."

Uji ulinimwagikia mapajani, nikasimama, nikatazama bondeni. Huko ndiko yalikokuwa mahindi ya mlau, yale yanayopandwa mto ukishapungua, na katikati ya mahindi yamesimama madungu, vibanda vya juu ya nguzo ambamo watu hushinda wakilinda mazao. Nikaona watu wanashuka kwenye madungu. Mmoja, watatu, kisha wote. Nikakimbia mpaka ukingoni nikapaza sauti, "Ni majaribio! Rudini!" lakini mimi wa mlingoti alikuwa na nguvu kuliko mimi wa miguu miwili, kila nikisema rudini, yeye anasema tokeni, tukashindana hivyo mwenyewe kwa mwenyewe na nikashindwa.

Simu enzi hizo ilishika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya ofisi. Nikapanda, nikampigia Deo.

"Mwalimu, mimi namba zangu nimeshazifuta, huku kumetulia. Hiyo itakuwa redio."

Nikampigia Shabani, pikipiki inanguruma nyuma yake. "Boksi langu linasema linachoambiwa. Muulize huyo bwana wako wa kompyuta. Na usilifungue, Mwalimu, stika!"

Nikampigia dada Joyce wa umeme wa jua, nikamsihi anielekeze jinsi ya kuukata. "Kaka, sisi mkataba wetu ni umeme usikatike. Wa kuukata siyo sisi."

Hapo akili ikaniruka. Nikaparamia paa la ofisi, nikavua shati nikafunika ile paneli ya jua, nikakaa juu yake na singlendi yenye tundu, nikingoja sauti ife. Haikufa. Betri zilikuwa zimejaa, na Joyce alishanieleza siku ya kwanza kwamba zinakaa siku tatu bila jua (nilitikisa kichwa kama mwanafunzi aliyeelewa).

Nikiwa huko juu ndipo watu wakafika, na mikeka, na masufuria, na kuku miguu imefungwa. Mtani wangu Mzee Mpili (mimi Mmatumbi wa milimani, yeye mtu wa bondeni) akaweka godoro lake chini akanitazama. "Wamatumbi ninyi! Milima yenu imewashinda, sasa mnatufukuza bondeni kwa maji ya mdomoni? Na wewe umepanda juu ya paa peke yako, uokoke kwanza, siyo?" Kijiji kizima kikacheka, na mtani hakasirikiwi, nikacheka na mimi huku natamani paa linimeze.

Bi Somoe hakucheka. "Mwanangu, maji yako wapi?"

"Mama, hamna maji. Ni mashine."

"Ulisema hata kama jua linawaka."

Mara nikasikia kelele kutoka bondeni. Kima, ambao hawakuhudhuria mkutano wangu, walikuwa wameona madungu hayana mtu. Shamba la Bi Somoe ndilo lililokuwa karibu na kichaka. Watu wakageuka kukimbilia huko, lakini sauti yangu bado inawaambia tokeni, wengine wakasita njiani, wengine wakarudi juu, hawajui wamsikilize Mwalimu yupi.

Nikashuka paani na shati langu, nikarudi kichuguuni. Safari hii nilimwambia Deo, "Andika namba hii, ya Shabani. Mpigie sasa hivi."

"Mwalimu, si ulisema..."

"Nilisema vibaya!"

Sauti ilinyamaza kabla sijamaliza kufunga vifungo vya shati. Boksi la Shabani, kumbe, likishapokea amri ya hatari halinyamazi mpaka lipokee amri ya salama, na Deo hakuwahi kuituma kwa kuwa hakujua kama ipo. Shabani alishaiandika kwenye karatasi, akanipa: "Mpe mwenzangu." Karatasi hiyo nilikuwa nayo mkobani, imekunjwa mara nne. Mara nne, ndugu yangu, na aliyeikunja ni mimi.

Tulipofika shambani kwa Bi Somoe, mistari ile ya kichakani ilikuwa imebaki mabua. Akaokota gunzi moja, akalifuta vumbi, akanipa nishike.

"Mwaka ule tulikimbia bila kuambiwa na mtu. Leo nimekimbia nimeambiwa. Siku nyingine ukisema, nitakaa kwanza niwatazame kima wanaelekea wapi."

Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kuliko kicheko cha Mzee Mpili, kwa sababu siku maji yakija kweli mama huyu angekaa dunguni akitazama kima kwa kosa langu. Nikamwomba anipe dungu lake nimlindie mahindi yaliyobaki. Nikakaa humo mpaka mavuno, nagonga debe kufukuza kima, na kila apitaye bondeni ananiuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, leo tutoke au tubaki?"

Mafundi nao niliwaleta wote watatu kijijini siku moja, tukakaa kwenye mkeka mmoja, Bi Somoe akiwepo. Akawasikiliza wee, kisha akauliza swali moja: "Na ninyi mna namba za simu za wenzenu?" Wakaandikiana hapohapo, na yeye akataka aandikiwe zote.

Masika yakaja. Siku sauti yangu iliposema tena, nilisimama juu ya njia, nahesabu vichwa. Walipanda wengi, Bi Somoe hayumo. Nikawa nataka kushuka mwenyewe, ndipo nikamwona, wa mwisho, kuku kwapani, maji yameshaanza kumeta nyuma ya mahindi.

"Nilimtuma mtu kichuguuni kwanza," akasema akihema. "Deo amesema ndiyo. Shabani amesema ndiyo. Wewe sikukuuliza."

Basi, sikiliza. Ukiwa na mafundi zaidi ya mmoja kwenye kazi moja, kabla hakijawashwa kitu, waite wote mahali pamoja, kila mmoja aandike namba ya mwenzake, kisha wapigiane hapohapo mbele yako mpaka usikie simu zote zinalia.