Kiganja cha Mtoto

Mwanangu, kuna siku moja hunijia hata leo nikiwa nasonga fufu: siku mtoto wa muuza maandazi alipomwagikiwa na mawese yanayochemka. Waasi walikuwa wameushika mji wetu wa Kisangani, madaktari walikwisha kukimbia, na hospitalini tulibaki wauguzi tu. Mkubwa wetu alikuwa Papa Yusufu. Chini yake tulikuwa mimi na Béatrice, binti wa wavuvi wa Yanonge.

Huyo Béatrice nilimwonea wivu mpaka chakula kilinishinda. Alikuwa mzuri, mwepesi wa sindano, na wagonjwa walimwita yeye tu. Wala sikuficha. Nilimnunia, nikamsema jikoni, nikamsema kisimani. Hospitali nzima ilijua.

Basi mtoto akalazwa, ikabidi tujue ngozi iliyoungua ni kiasi gani, maana maji ya kumtia mshipani hupimwa kwa hilo. Yakipungua, figo zinakufa na mtoto anaondoka. Kipimo chetu kilikuwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole: hicho ni kama sehemu moja katika mia ya ngozi yake yote. Lakini siku zile tulizoea majeruhi watu wazima, ambao mkono wa muuguzi haukupishana sana na wao. Béatrice, kwa haraka, akampima mtoto kwa kiganja chake yeye muuguzi, kikubwa, kwa hiyo ngozi iliyoungua ikahesabiwa viganja vichache kuliko ilivyokuwa.

"Béatrice, hapana," nikasema. "Mukono yako iko mukubwa. Utamupatia mayi kidogo."

Hakugeuka hata. "Ah, Zaituni! Jalousie, wivu yako tena? Hata mbele ya mutoto wa kufa?"

Nikamtazama Papa Yusufu. Akatikisa kichwa. "Binti yangu, leo acha."

Moyo uliniwaka. Nilikuwa na haki, na hakuna aliyetaka kunisikia! Nikaacha maneno. Nikaushika mkono wa mtoto, ule usioungua, nikaulaza polepole juu ya kiganja cha Béatrice. Vidole vyake viliishia katikati ya vidole vya Béatrice.

Béatrice akakichukua kiganja cha mtoto. Akapima upya, na maji yakaongezwa karibu maradufu. Asubuhi mtoto alipokojoa, tukajua figo zinafanya kazi na amenusurika kufa. Mama yake akamkumbatia nani? Béatrice! Akamwita malaika, na alipozaa tena msichana akampa jina la Béatrice. Hata leo nikilisikia jina hilo likiitwa sokoni, roho inaniuma.

Papa Yusufu alinikuta nyuma ya wodi nalia.

"Ulisema kweli, binti yangu," akaniambia. "Lakini kila siku unasema Béatrice mubaya, Béatrice mubaya. Donc, basi leo tulizani iko wivu ile ile. Kidogo tu mutoto angekufa."

Mwanangu, kuona wivu sikukatazi, maana mimi mwenyewe umenishinda. Ila usiutembeze mdomoni. Siku utakapokuwa na neno la kuokoa mtu, watu watasikia wivu wako tu, neno lenyewe hawatalisikia. Mungu akupe mdomo unaoaminika, na siku mwenzako atakaposifiwa, akupe usingizi.