Meza za Dirishani

Msimamizi wa mkahawa ule wa Kitengela alivaa viatu vya raba, kwa hivyo ulishtukia tu pumzi yake shingoni. "Tuseme vizuri," alikuwa akinong'ona. Jikoni hakuna aliyethubutu kutamka mzungu wala Mmasai; wateja wote waliitwa wageni. Hata chai ya rangi iliitwa chai bila maziwa. Nzula, mhudumu mpya, mwanzoni alifurahi, kwani kwa mwajiri wake wa kwanza alikuwa akiitwa nyani. Ila kadiri siku zilivyosonga, jikoni kulizidi kunyamaza, watu wakawa wanaongea kwa macho.

Jumamosi mchana waliingia wazungu wawili bila kupiga simu kwanza, naye msimamizi akawapa meza ya dirishani. Punde akaingia mama aliyejifunga shuka, shanga shingoni, pamoja na bintiye. Msimamizi aliinamisha kichwa kwa heshima. "Karibu sana, mama. Pole, leo tumejaa." Meza zote zilizobaki zilikuwa tupu, vitambaa vikipepea. Mama alizitazama, akamgeukia Nzula. "Ni ukweli, mwanangu?"

Nzula alivuta kiti. "Meza ziko, mama. Ni vile wewe ni Mmasai. Wale wazungu hawajaambiwa tumejaa."

Jikoni kijiko kilianguka. Msimamizi hakukasirika. Alikuja bila kishindo, akakirudisha kile kiti mahali pake, akakinyoosha sambamba na meza, kisha akasimama akiwatabasamia mama na bintiye mpaka walipotoka nje.