Haya, Sogeeni

Kabla ya kila wimbo, dada mdogo wa fundi redio alikohoa kidogo, akasema, "Haya, sogeeni," ndipo akaimba. Fundi hakumkataza. Alikuwa ameanzisha kampuni ya kurekodi nyimbo, akimrekodi katika chumba cha nyuma ya karakana, na magodoro yote ya nyumbani aliyapigilia ukutani kuzuia kelele za barabarani.

"Magodoro yamesimama, sisi tunalala sakafuni," mkewe alimwambia. "Ndiyo kampuni hiyo?"

"Vumilia, mama watoto. Ukuta ukishiba nyimbo nitakurudishia."

Kampuni ikashika kasi. Vinyozi walipiga kanda zake kutwa, watoto wakaitana michezoni, "Haya, sogeeni!" Waimbaji wengine wakaja wenyewe, na fundi akatembea kifua mbele.

Ndipo mtangazaji mmoja alipomwambia kwamba kanda zake ni tamu ila chafu: kikohozi, viti, maneno maneno. Yakamwingia. Akanunua kompyuta, akajifungia, akasafisha kila wimbo. Kikohozi akakata, "sogeeni" akakata. Kisha, kwa ule ubahili wa mafundi wa kutotupa kitu, nyimbo zilizosafishwa akazirekodi juu ya kanda zilezile za mwanzo.

Dada yake alisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Kaka, mimi niko wapi hapa?"

"Si unaimba hapo! Sauti kama kioo."

"Naimba, ndiyo. Ila simkaribishi mtu."

"Watu wananunua wimbo, hawanunui kikohozi chako," fundi akasema, akacheka.

Yeye hakucheka. Hakuingia tena chumba kile.

Wanunuzi nao wakapoa. "Fundi, ni nzuri," kinyozi alimwambia, "lakini ni kama mtu ananiimbia huku kanipa mgongo." Waimbaji wakahama mmoja mmoja. Magodoro yakarudi vitandani na matundu yake ya misumari. Kila siku fundi alipanga kwenda kumwomba dada yake radhi, kila siku akapata redio ya kutengeneza. Maradhi yakamtangulia, yakamchukua dada.

Baada ya mazishi, binti wa marehemu alikuja karakanani.

"Mjomba, nyimbo ninazo. Nataka kumsikia mama akiongea. Hata neno moja tu."

Fundi alizunguka kwa vinyozi akiulizia kanda za zamani. Wengine walikuwa wamezitupa, za wengine zilitafunwa na mashine. Akarudi kwenye zake, akasikiliza mwanzo wa kila wimbo, na kila mwanzo ulikuwa safi, kazi ya mkono wake mwenyewe.

Mmoja tu aliukata vibaya. Kabla ya sauti kuanza, pumzi ilisikika ikivutwa ndani, pumzi ya mtu anayetaka kusema jambo.

"Ndiyo hiyo tu?" binti aliuliza.

"Ndiyo hiyo tu, mwanangu. Iliyobaki nimeikata mimi."

Binti akasema, "Rudisha."

Akarudisha.

"Rudisha tena, mjomba."

Akarudisha tena, na wote wawili, bila kuambiwa, wakasogea karibu na spika.