Kahawa Niliyompa Mkwe Siku ya Kikao cha Cherehani

Tulikuwa sita nyumbani kwangu Hamugembe mchana ule, ukimhesabu na aliyesimama mlangoni. Mimi mwenye nyumba. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa mwisho anayeishi visiwani Muleba. Alikaa kwangu ili ajifunze kushona. Mwenyekiti wa kamati ya vijana, mwalimu mkuu mstaafu aliyesoma na mwanangu wa kwanza. Mwalimu wa cherehani, mama wa Kibeta niliyemsimamia ubatizo. Jirani yangu, ambaye kibanja chake cha migomba na changu vinapakana, naye alikuwa kwenye kamati kwa upande wa wazazi. Na huyo wa mlangoni: baba wa mjukuu wangu, mvuvi wa dagaa, mtu aliyetoka ng'ambo ya ziwa. Majina yao ninayo yote, na ya wazazi wao pia, ila siyaandiki, maana bado tunakutana kanisani na sokoni.

Kamati ilikuja kumwondoa mjukuu wangu kwenye darasa la cherehani. Utaratibu wao ulikuwa mzuri: hawamwondoi kijana kabla ya kufika anakolala na kumsikia mzazi. Chumba chao cha ushonaji kipo Kibeta. Kwanza kilikuwa cha watoto wa mjini tu, baadaye wakasema na vijana wa Kagoma na wa visiwani waje. Wa Kagoma walikuja wachache. Wa kisiwani alikuja mmoja tu, huyu wangu. Akiondolewa yeye, nilijua watakachosema: tuliwafungulia mlango, hawakuutaka.

Kosa lake lilikuwa kupotea. Anashona vizuri, halafu simu inaita, anafunga mfuko wake, haonekani wiki nzima au zaidi. Nilikwishawaeleza kwamba anakwenda kumsaidia mama yake kazi ya dagaa. Hawakuniamini. Wakasema bibi anaficha mambo ya mjukuu. Ndipo wakataka baba aje mwenyewe.

Basi alikuja. Alivua viatu, akasimama kwenye kizingiti, kofia mkononi.

"Kasinge, waitu," alinisalimu. Kihaya chake chote kilikuwa hicho.

Niliitikia. Sikumwambia apite, sikumwambia akae. Kwetu mkwe ambaye ndugu zake hawajafika kujitambulisha si mkwe bado. Amekaa na binti yangu mpaka mtoto amekuwa msichana mkubwa, na hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuja kwangu hata na mkungu wa ndizi. Wageni wengine niliwapitishia kikapu cha kahawa ya kutafuna, kila mtu akachukua punje zake. Yeye nilimruka. Jirani aliona, akainama kucheka ndani ya kitenge.

Mwenyekiti akaanza. "Bwana, mtoto wako anapotea. Tunataka kujua anakwenda wapi."

Mwanamume kimya.

"Tunauliza kwa wema. Anakuja kwako au haji?"

Kimya. Anaangalia sakafu.

Jirani akageukia Kihaya. Alisema kwamba mtu asiyejua mwanawe analala wapi atasemaje. Kwamba watoto wa visiwani wanajulikana, na kwamba kesho huyu atarudi na tumbo, na kiti cha cherehani kimekaa bure. Mwenyekiti naye akajibu kwa Kihaya, mwalimu akaingia, na kwa muda wote watatu wakazungumza juu ya yule mtu, yeye akisikia sauti bila kujua zinasema nini. Mjukuu wangu alikuwa anasikia kila neno. Alikuwa amekaa mkekani miguuni pangu, bega lake kwenye goti langu.

Lazima niseme na hili. Jirani ana binti mwenye mtoto mchanga, na binti huyo alikuwa akingoja nafasi. Kiti kikitoka kwa mjukuu wangu, kinakwenda kwake. Simlaumu. Yule binti alikuwa ameacha shule, anashinda ndani akilia pamoja na mtoto wake. Kila mmoja wetu alikuwa na wake wa kumwonea huruma.

"Bibi," mjukuu akaninong'oneza, "kwa nini baba hasemi?"

Sikujua. Nilimtazama vizuri, na ndipo nikaona kwamba haangalii sakafu. Anaangalia kikapu.

Nikamwelewa. Binti yangu ndiye aliyemfundisha. Alimwelekeza vizuri kuliko nilivyodhani: kwa mama yangu usikae wala usiongee mpaka akupe kahawa. Na mimi nilikuwa nimemnyima. Yule mtu hakuwa na la kuficha, alikuwa ananiheshimu, na heshima yake ilikuwa inamkosesha mwanawe kiti.

"Basi," mwenyekiti alisema kwa Kiswahili, "kama mzazi hana neno, sisi tunaandika kwamba nafasi iko wazi."

Ukimpa mtu kahawa mbele ya mashahidi, umempokea. Hakuna kumrudisha tena nje. Nilijua kesho Hamugembe nzima itasema nimemtoa binti bure. Nikamshika mjukuu bega, nikasimama, nikapeleka kikapu mlangoni mwenyewe.

"Chukua, baba. Pita ukae."

"Heee," jirani alisema. "Mkwe bila mbuzi anatafuna kahawa?"

"Mbuzi atakuja na miguu yake," nilimjibu. "Wewe tafuna yako."

Alipokea kwa mikono miwili, akaweka punje mdomoni, akaketi karibu na mlango. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili.

"Wazee, huyu haendi popote. Anakuja kwetu. Mwezi ukiwa mkubwa hatuvui, dagaa hawaifuati taa. Giza likiwa zito ndiyo tunavua, na asubuhi mzigo uko mchangani. Mama yake hawezi kuanika peke yake. Mvua ikiwakuta dagaa hawajageuzwa, wameharibika, wanabaki chakula cha kuku. Tunampigia simu."

"Kila mwezi?" mwalimu akauliza.

"Kila mwezi, mama. Mbona naweza kukwambia hata siku za mwezi ujao?"

Hata mimi sikulijua hilo. Mimi ni mtu wa migomba na kahawa. Nilidhani wanaita wanapochoka. Mwalimu akamgeukia jirani.

"Kumbe tunaweza kujua mapema kiti kitakuwa tupu lini. Basi mwanao akae siku hizo. Tena hatalazimika kumwacha mtoto wake mchanga siku nyingi."

"Mwanangu atashona wakati wa giza tu, kama popo?"

"Leo anashona lini?" mwenyekiti akamuuliza.

Jirani alitafuna punje zake. Kisha akasema kwamba mtoto atakuja naye, mgongoni, na asitokee mtu wa kumwambia kilio kinasumbua darasa. Mwenyekiti akakubali.

Ndivyo walivyoshona, wawili kwa kiti kimoja. Hawakupendana upesi. Waligombana juu ya sindano na mafuta ya cherehani, kila mmoja akisema mwenzake ameilegeza mashine. Mwenyekiti aliposajili vijana wengine, alivuka kwenda kisiwani mwezi ukiwa mkubwa, watu wakiwa wamepumzika, akawakuta. Mkwe ndugu zake walikuja baadaye, na mbuzi wakaja naye. Sauti ya mbuzi huyo jirani aliisikia kabla yangu, akanipigia kelele kutoka kwenye kibanja chake kwamba deni la mkwe wangu linakuja.

Leo jirani anasema yeye alikubali kugawana kiti kabla sijapeleka kahawa mlangoni, na kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Mimi nakumbuka alikubali baada ya hapo. Mlikuwepo ndani, mwenyekiti na mwalimu, na wewe mjukuu wangu uliyekaa miguuni pangu: kama yeye ndiye mwenye haki, niambieni nimfuate pale mpakani mwa vibanja vyetu nikamwombe radhi, wakati wote wawili tungali tunaweza kutembea.